Kikojozi wa Mwisho wa Matroni

Mtoto wa mbwa alifika Matisi, mtaa wa Kitale, ndani ya boksi la majani ya chai. Sandra aliliweka juu ya kochi la mama yake, akafungua kamba, akasema ni kwa wiki mbili tu. Ilikuwa Julai ya mwaka 2006, majira ambayo Kitale huamka ndani ya ukungu na watu huvaa sweta mbili kwenda sokoni. Mbwa alitoka boksini, akaruka chini, akalaza tumbo juu ya saruji baridi kana kwamba ndicho kitu alichokuwa akikitafuta tangu azaliwe. Halafu akainuka, akaizunguka sebule yote akinusa, akakojoa chini ya meza ya televisheni.

"Anaitwa Jivu," Sandra alisema.

"Hata jina amekuja nalo," mama yake akajibu, tambara tayari mkononi. "Hizo wiki mbili zako ni za kalenda gani?"

Roselyne Nakhumicha alikuwa na miaka hamsini na mitano, na alikuwa amestaafu Desemba iliyotangulia. Karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa matroni wa bweni la watoto wadogo katika shule ya msingi ya wasichana nje ya mji, shule ya kulala, ambako wazazi waliwaacha mabinti wa darasa la kwanza wakiwa bado wanalilia nyumbani. Aliwaamsha, akawaogesha, akawasimamia wanywe uji. Zaidi ya yote aliwaondolea aibu ya kitanda. Kila muhula ulileta vikojozi wapya. Matroni wengine waliwachapa, au wakawatembeza uwanjani na shuka kichwani. Nakhumicha hakufanya hivyo hata mara moja. Alikuwa na msemo wake, na walimu wa shule ile waliujua: kikojozi hapigwi, huwahiwa. Humwamshi mtoto akiwa ameshalowa. Unajifunza saa yake, unafika kabla yake.

Kustaafu kulimnyang'anya kengele. Katika vyumba viwili alivyopanga kwa mzee Kimaiyo aliendelea kuamka saa ile ile ya bweni, akakaa ukingoni mwa kitanda viatu vikiwa miguuni, bila mtu wa kumwamsha. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alianza kufuma sweta, akaifumua, akaianza upya. Alikwenda hadi langoni akarudi, na langoni hapo Jelimo, mama wa kutoka miteremko ya Mlima Elgon aliyeuza maziwa kila asubuhi, alimtazama akipita mara ya tatu.

"Mama Sandra, unatembea kama mtu amepoteza funguo."

"Sijapoteza kitu."

"Basi si ukae."

"Nikikaa nitafanya nini?"

Makokha, mume wake, alikuwa fundi wa matrekta. Alifariki akazikwa kwao Bumula. Sandra, binti yao wa pekee, alikuwa karani wa Mholanzi mmoja aliyefanya majaribio ya mbegu upande wa Endebess. Mholanzi huyo alifuga haski wawili, mbwa wa nchi za theluji, manyoya mazito na macho ya buluu iliyofifia. Mkataba wake ulipoisha aligawa watoto wa mbwa kama mtu anavyogawa vyombo vya jikoni. Ofisini hakuna aliyetaka mbwa mwenye macho ya kipofu, isipokuwa Sandra. Kisha Sandra akapata kazi Nakuru, katika hosteli ambayo hata birika la umeme lilikatazwa.

Wapangaji wa Kimaiyo waliujua mpango wa mbwa: hula makombo, hulala nje, humbwekea mgeni. Jivu hakubweka. Alinung'unika, alilalamika, na akiachwa peke yake aliinua pua juu akatoa sauti moja ndefu iliyopanda, ikatetemeka, ikavunjika mwishoni kama sauti ya mama aliyepokea habari mbaya. Siku ya kwanza aliyoachwa, Nakhumicha alikuwa amekwenda tu kununua mafuta ya taa. Aliporudi alimkuta Kimaiyo amesimama mlangoni pake, kofia mkononi.

"Mama Sandra, pole. Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Nimesikia kilio."

Alipoonyeshwa mbwa, Kimaiyo alirudisha kofia kichwani polepole. "Kwetu mbwa akilia hivi, kuna mtu anafungasha virago."

"Hata kwetu," Nakhumicha akasema.

"Basi akae ndani na wewe. Mimi siamini hayo mambo, lakini wapangaji wangu wanaamini."

Hivyo ndivyo mbwa alivyogeuka kuwa wa ndani ya nyumba, na hivyo ndivyo sakafu ilivyogeuka kuwa tatizo. Jivu hakutulia. Alilala kidogo, akaamka, akazunguka, akatafuna mguu wa kigoda, akazika soksi chini ya mto wa kochi. Alikojoa chini ya televisheni, nyuma ya mlango, juu ya kitambaa cha meza alichokuwa amekiburuta mwenyewe hadi chini. Nakhumicha alimfuata nyuma kwa ndoo na tambara. Siku za mwanzo alimwona mtundu. Baadaye, akiwa amepiga magoti anafuta, alimtazama tena na kuona kitu anachokijua: mtoto wa muhula wa kwanza, aliyetolewa kwa mama yake na kulazwa mahali pasipo na harufu ya kwao.

Akarudi kazini.

Uji wa mbwa ulipikwa kwa saa moja isiyobadilika. Maji yaliondolewa baada ya chakula cha jioni. Alijifunza dalili: kwanza pua chini, kisha mzunguko, kisha miguu ya nyuma kusita. Pa kumpeleka palikuwa mahali pamoja tu. Uwanja wote wa Kimaiyo ulikuwa umemwagwa saruji. Ardhi laini ilibaki huko nyuma, kando ya zizi la ng'ombe wake wa maziwa, kwenye lundo la samadi lililosubiri kupelekwa shambani.

"Hapo afanye vile anataka," Kimaiyo alisema. "Si ni mbolea tu."

Nakhumicha alisimama kwenye lundo lile kila baada ya chakula na kila baada ya usingizi, mvua ikinyesha, gambuti miguuni na leso kichwani, akasema neno moja: "Haya." Mbwa akinusa samadi, akachuchumaa, akamaliza, alimgusa kichwani na kumwambia kile alichokuwa akiwaambia wasichana wake wakipitisha usiku salama: "Leo umeamka mkavu."

Agosti ilipita kwa ushindi na aibu. Septemba Jivu alianza kukwaruza mlango. Mvua za vuli zilipoanza, ukifungua tu, alikimbia hadi lundoni, akatia pua kwenye samadi mbichi, akafanya haja yake, akarudi ndani akiwa anatembea kwa miguu iliyoinuliwa juu kama askari wa gwaride.

"Bana, huyu anatumia choo kuliko wapangaji wengine," Jelimo alisema, akitazama mlango wa jirani mmoja ambaye hakumtaja.

Na Nakhumicha alikuwa akilala. Aliamka na kengele yake ya kichwani, lakini sasa palikuwa na anayemsubiri.

Oktoba simu ikaja kutoka Bumula. Ilikuwa ya Khaemba, jirani wa mama mkwe wake, mwenye simu iliyotumiwa na boma tatu au nne. Mama mkwe, bi kizee Nasimiyu, alikuwa ameteleza jikoni akaumia nyonga. Hakuvunjika, lakini alikuwa anatembea kwa fimbo, na aliishi peke yake. Wanawe waliobaki walikuwa Mombasa na Nairobi. Mtu alihitajika nyumbani. Hakuna aliyesema ni nani, kwa sababu hapakuwa na haja ya kusema. Nakhumicha alikuwa mke wa boma lile kwa miaka mingi na hajawahi kukaa humo kupita likizo moja ya shule. Nyumba ambayo Makokha alimjengea ilishaanguka ukuta mmoja. Wanawake wa Bumula walimwita mgeni wa Desemba, wakati mwingine akiwa anasikia.

Alisema atakuja shule zikifungwa, kama vile bado alikuwa na shule. Kisha akasema kuhusu mbwa.

Khaemba alisikika akieleza kitu, kisha Nasimiyu mwenyewe akaja hewani, akipaza sauti kana kwamba Kitale ilikuwa ng'ambo ya mto.

"Mbwa analala ndani? Kwa nini, ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa, mama. Akiachwa nje analia. Lakini amefundishwa. Hachafui nyumba."

"Amefundishwa na nani?"

"Na mimi."

"Aah. Wewe umefundisha watoto wa wenyewe miaka yote hiyo, hatukatai. Mlete. Lakini nisikie, Nakhumicha: akikojoa kwangu mara moja, huyo mbwa anarudi Kitale. Na wewe ukitaka kumfuata, umfuate. Sisi tumezoea."

Nakhumicha alibaki na simu sikioni baada ya mwenzake kukata. Hakuwa na pengine pa kumpeleka Jivu. Jelimo alikuwa na watoto na ndama. Sandra alikuwa na hosteli yake. Na bila yeye alijua atakavyokuwa katika nyumba ile ya Bumula: mwanamke aliyekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, akihesabiwa siku za kuondoka. Kwa hiyo Novemba yote alimkazania mbwa. Akamzoesha wageni, akamzoesha fimbo ya kutembelea iliyoazimwa kwa Kimaiyo, akamzoesha kusubiri. Jivu hakudondosha ndani hata tone. Lundo lile nyuma ya nyumba lilimtosha.

Desemba walisafiri kwa pikapu ya Kipkoech, kijana mfanyabiashara aliyeshusha viazi kutoka mlimani hadi masoko ya Bungoma. Angelala Bungoma, na asubuhi apitie Bumula kukusanya magunia yake matupu kabla ya kupanda tena Kitale. Jivu alikaa katikati yao, ulimi nje, na kadiri barabara ilivyoteremka joto lilipanda na pumzi zake zikawa fupi. Kibabii walisimama. Nakhumicha akamshusha kwenye nyasi za kando ya barabara.

"Haya."

Mbwa alinusa nyasi, akazunguka, akavuta kamba huku na huku, akanusa tena. Hakufanya kitu.

"Huyu anaogopa watu wa Bungoma," Kipkoech alisema.

"Anajizuia," Nakhumicha akajibu, na ndani yake alijisikia kama mzazi siku ya kutolewa zawadi. "Ameelewa kwamba tunaenda kwa watu."

Nasimiyu aliwasubiri mlangoni, mdogo, mweusi, kitambaa cheupe kichwani, mikono miwili juu ya fimbo. Nyuma yake nyumba ilikuwa imepakwa upya. Sakafu yote ya sebule ilikuwa ya kijani kibichi cha samadi iliyochanganywa na majivu, bado na unyevu kidogo kwenye pembe, na juu yake zilichorwa kwa vidole nusu duara zilizopangana kama magamba ya samaki, kutoka mlangoni hadi chumba cha ndani. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa magoti. Ilikuwa kazi ya mkazamwana.

"Mama, umepaka mwenyewe? Na hiyo nyonga?"

"Nani angepaka? Karibu ndani. Mgeni hapokelewi na vumbi."

Walisalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana habari za Sandra, za njia, za mvua. Kipkoech alishusha masanduku, akasema atapita asubuhi, akaondoka. Kamba ya Jivu ilikuwa imelegea mkononi mwa Nakhumicha. Mbwa alivuka kizingiti, akasimama. Pua ikashuka. Akatembea polepole juu ya magamba yale hadi katikati kabisa ya sebule, akazunguka mara moja, akachuchumaa, akatoa yote aliyoyabeba tangu Kitale.

Ilichukua muda. Wanawake wawili walisimama wakitazama. Alipomaliza alimgeukia Nakhumicha, masikio juu, akisubiri kuguswa kichwani.

"Huyu," Nasimiyu alisema, "ndiye amesoma?"

Nakhumicha alimvuta nje hadi kwenye migomba. "Haya. Haya!" Mbwa alikataa migomba. Alichomoa shingo kwenye kamba, akakimbia kurudi ndani, na kabla ya kushikwa alikuwa amemaliza jambo la pili, zito kuliko la kwanza, karibu na mguu wa kiti cha bi kizee.

Nasimiyu hakupiga kelele, na Nakhumicha angependelea apige. Alielekeza fimbo kwenye nguzo ya ghala la mahindi.

"Mfunge pale. Kesho kijana wa viazi akipita, ampakie."

"Mama, hajawahi. Nakuapia, hajawahi."

"Nilisema mara ngapi? Mara moja. Amefanya mbili. Mimi nimeongeza moja bure."

Akaingia chumba cha ndani kuilaza nyonga yake.

Mbwa alifungwa. Nakhumicha alikwenda kwenye zizi la Khaemba kuomba samadi, akachukua majivu jikoni, akafunga leso kiunoni, akapiga magoti. Hakuwa amepaka sakafu tangu awe msichana; shuleni kulikuwa na saruji, Matisi kulikuwa na saruji. Mkono ulisahau, kisha ukakumbuka. Alifuta magamba yaliyoharibika, akatandaza samadi mbichi kwa kiganja, akaanza kuchora nusu duara mpya zikutane na zile za mama mkwe. Zake zilikuwa pana na za haraka. Alipoinua mkono kujifuta jasho kwa kifundo, harufu ilimfika puani, akaacha kazi.

Ilikuwa harufu ya nyuma ya nyumba ya Kimaiyo. Ya gambuti, ya mvua, ya "Haya."

Alikaa juu ya visigino. Mbwa hakujifunza kutoka nje. Hakuna aliyemfundisha nje. Alifundishwa samadi, mara nyingi kila siku, na akasifiwa juu yake. Nyasi za Kibabii alizikataa kwa sababu hazikuwa choo. Kisha alipelekwa kwenye nyumba ambayo sakafu yake yote, kutoka mlangoni hadi chumba cha ndani, ilikuwa choo kikubwa na kipya kuliko alichowahi kuota.

"Mama," aliita kuelekea chumba cha ndani. "Hakukosea."

"Sasa ni mimi nimekosea?"

"Ni mimi. Kule Kitale nilikuwa nampeleka kwa samadi. Anafikiri hapa ni..."

Kitanda kililia kidogo huko ndani. "Sema."

"Anafikiri ni choo."

"Kwa hivyo mimi nimepiga magoti jana kutwa nzima nikimpakia mbwa choo."

"Naweza kumfundisha upya."

"Utafundisha huko Kitale. Maliza sakafu, uniletee maji. Mtungi umekauka."

Jua lilikuwa bado juu ya miti Nakhumicha alipochukua dumu kwenda chemchemi. Jivu alimwona akitoka. Alivuta kamba mara ya kwanza na ya pili, nguzo ya ghala ikashikilia. Alitulia hadi leso yake ilipopotea nyuma ya miwa. Hapo ndipo alipokaa chini, akainua pua.

Bumula ilikuwa haijawahi kusikia haski. Kilichosikika ni kilio kilichotoka katika boma la Nasimiyu, ambaye kila mtu alijua ameanguka. Kilio kirefu, kilichopanda na kuvunjika, kikarudiwa. Na mchana ule ule watu walikuwa wameona pikapu ikishusha masanduku, na mgeni wa Desemba akishuka kwa haraka kabla Desemba haijafika katikati, kisha akikimbilia kwa Khaemba kuomba samadi. Nani hupaka nyumba upya saa tisa alasiri, kama si mtu anayetarajia umati? Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Nakhumicha alikuwa akijaza dumu aliposikia, si mbwa, bali wanawake. Sauti moja kwanza, kisha nyingi, zile sauti ambazo huinuliwa mkono mmoja ukiwa kichwani. Zilitoka nyumbani. Alifikiria nyonga. Alifikiria kitanda kilicholia kidogo. Alifikiria kwamba maneno ya mwisho aliyomwambia yalikuwa kuhusu choo. Aliacha dumu, akakimbia katikati ya miwa, kiatu kimoja kikabaki tope, na jambo lililomshangaza katika mbio zile ni kwamba alikuwa akisema kwa sauti, "Nimefika, mama, si nimefika."

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wamefunga leso viunoni, mmoja ameshaanza wimbo wa kanisa. Khaemba alisimama kando, kofia kifuani, fungu la kuni miguuni pake, kwa sababu matanga hayaanzi bila kuni. Mbele ya wote, karibu na mlango, alikuwa Mukhwana, mzee wa upande wa chini, ambaye alikuwa hajakanyaga boma lile tangu wagombanie ua wa mpakani. Alikuwa analia kuliko wote, mabega yakitikisika.

"Pore, mama Sandra," alisema alipomwona. "Pore sana. Alikuwa mama wa watu."

Mlango ukafunguliwa kwa ncha ya fimbo.

Nasimiyu alisimama kizingitini, kitambaa cheupe kimeenda upande, alama ya mto shavuni. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka, kutoka ghalani hadi njia ya miwa.

"Nani amekufa hapa kwangu," aliuliza, "na sijaambiwa?"

Jivu, aliyekuwa amenyamaza kwa kuona watu wengi, alipiga miayo.

"Mukhwana. Wewe ulikuwa unalia nini?"

"Nilikuwa nalia tu," Mukhwana alisema, akijifuta na mkono wa shati. "Tulisikia kilio."

"Ulilia vizuri. Ua umeung'oa ama bado?"

"Nitaung'oa."

"Na wewe Khaemba, hizo kuni ni za kumpikia nani?"

Khaemba alianza kuziinua. Fimbo ikagonga kizingiti. "Ziache. Kuni hairudi nyumbani. Na nyinyi mmekuja na unga, nauona, weka chini. Kuna maji kwani? Mama Sandra, maji iko wapi?"

"Nimeiacha chemchemi, mama."

"Ndiyo maana una kiatu kimoja."

Hapo ndipo wanawake walipoanza kucheka, kwanza kwa hofu, kisha kwa kushikana. Chai ilipikwa uwanjani kwa kuni za matanga. Hakuna aliyeingia ndani, kwa sababu sakafu ilikuwa haijakauka. Nasimiyu alikaa kwenye kiti alichotolewa nje, akahudumiwa kama bibi arusi, akamuuliza kila mtu alikuwa wapi alipomsikia na alichukua muda gani kufika. Aliyesema alimaliza kwanza kukamua alikemewa. Mara kwa mara alimgeukia yule mbwa kwenye nguzo, akamtazama.

Asubuhi Kipkoech alipiga honi barabarani. Nakhumicha alikuwa ameshaamka saa yake, ameshafunga blanketi la mbwa kwa kamba, amekaa ukingoni mwa kitanda viatu vikiwa miguuni. Hakuwa ameamua kama angepakia mzigo mmoja au yote. Alimsikia mama mkwe akitoka kwa fimbo, polepole, hadi njiani.

"Mama, kuna mzigo wa Kitale?" sauti ya Kipkoech.

"Hakuna. Chukua magunia yako uende."

"Na yule mbwa? Si uliniachia ujumbe kwa huyo mzee mwenye simu?"

"Nimesema hakuna mzigo. Nimekaa hapa miaka, nikaanguka jikoni nikakaa chini hadi jioni, hakuna mtu alisikia. Jana wamekuja wote. Hata Mukhwana."

Nakhumicha alifungua kamba ya blanketi.

Alianza upya. Akaweka lundo dogo la samadi nyuma ya migomba, akalipunguza kidogo kidogo, akichanganya na majani makavu, hadi mbwa akakubali majani peke yake. Kila Jumamosi alipaka sakafu mwenyewe, kwa magoti, nusu duara zake zikizidi kusogeleana, na Jivu alifungwa ghalani hadi ikauke. Alifungwa pia Nakhumicha akienda chemchemi, sokoni, kanisani. Na alipofungwa, alilia.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu wanane. Ya pili walikuja wawili. Kufikia Januari, mbwa akilia, Khaemba alipaza sauti kutoka kwake bila kuinuka, "Ni yule mbwa?" na Nasimiyu akajibu kutoka kwake, "Ni yeye!" basi ikaishia hapo. Mukhwana aling'oa ua, lakini hakuja tena.

Jumatatu moja Nakhumicha alirudi na maji akamkuta mama mkwe amesimama mlangoni, hajakaa, akigeuza fimbo mkononi.

"Amelia tangu uende. Hata kuku hakushtuka."

"Wamezoea, mama."

"Hilo ndilo nasema. Wakizoea sasa, siku yenyewe watajuaje?"

Nakhumicha alitua dumu. Alimtazama mbwa, aliyekuwa akizunguka nguzo, kamba ikimkazia, akizunguka tena upande ule ule. Kikojozi huwahiwa. Wa kulia pia ana saa yake, na saa ya huyu ilijulikana: ni pale leso yake inapopotea nyuma ya miwa.

Tangu siku hiyo hakumfunga. Alifunga ncha moja ya kamba kwenye leso kiunoni mwake, wakaenda pamoja kila mahali, chemchemi, kwa Khaemba, hadi sokoni Bumula ambako watu waliwapisha njia. Mbwa alimvuta mbele, yeye akamvuta nyuma, na mwendo wao haukuwa wa mtu aliyetulia wala wa mbwa aliyetulia. Nasimiyu alitoka mlangoni kila mara kuhakikisha kwamba hakuna aliyeachwa.

"Nendeni wote," aliwaambia kwa nyuma. "Kilio changu msikimalize."